Kuaga katika Jiko la Pamoja

...na sasa Luz Dary naye ameinua mkono pale kwenye kona ya skrini, mwacheni mama wa watu aende zake, lakini mimi siyasemi hayo, mimi natabasamu, nimezima kipaza sauti na tabasamu nimeliacha, kwa sababu Bi Rubiela anaaga, na kuaga katika Jiko la Pamoja, darasa langu la mapishi la mtandaoni, kuna utaratibu wake, anayetaka kuacha kulipa ada hajiondoi kimyakimya, anakuja kwenye kikao cha Jumanne, anawasha kamera, anawaambia wenzake usoni, utaratibu wa kiungwana kabisa, nimeutunga mimi... yule mwalimu wa biashara kule Bogotá ndiye aliyenifungua macho, "Marisel, mapishi yamejaa bure mtandaoni, watu wanalipia wenzao, sasa anayetoka hakikisha anaona anaowaacha," nikarudi Manizales nikatia na changu juu, na tangu hapo hajaondoka mtu, na mimi nikasimama jukwaani mbele ya wafanyabiashara mwezi uliopita nikasema wanawake wangu hawaondoki kwa sababu wanapendana, nikapigiwa makofi, nikayapokea... "Mume wangu hana kazi tangu karakana ifungwe," anasema Bi Rubiela, "na keki mtaani kwetu haziendi, kila nyumba inaoka, kwa hiyo nimeona nipumzike kidogo, wapendwa," kidogo, eti, amevaa hereni za kanisani na kupaka rangi ya mdomo ili aje kutuambia hana hela, naona aibu hadi masikio yananiwaka, mama yangu alipokosa fedha ya upatu alijificha nyuma ya pazia akaniambia waambie sipo, na Doña Cenelia mwenye upatu, aliyeziona ndala zake chini ya pazia, aliacha sahani ya buñuelo, maandazi ya jibini, mezani akaenda zake, hakusema neno, mwaka mzima hakusema neno, na mimi niliyezila zile buñuelo ndiye ninayemfunulia mtu pazia kila Jumanne... "Unatuacha na nani, shoga?" huyo Luz Dary, "wewe ndiye uliyenifundisha kukoroga maziwa ya sukari ya arequipe yasiungue, leo unatukimbia?" na Amparo anadakia, "Acha visa, Rubiela, bana matumizi kwingine, kunywa kahawa ya jana, mbona hata mimi nilibana," wanacheka, Bi Rubiela naye anacheka, anajifuta jicho... hata mimi nilibana, kasema Amparo, ndiyo, Amparo aliaga Krismasi iliyopita, akalia, akabembelezwa, akabaki, na Luz Dary aliaga kabla yake, na Yolima anayetuma mioyo sasa hivi aliaga akiwa na mtoto hospitalini, ee Mungu, kumbe ni hao hao, wanaopiga kelele za asiondoke ni wale walioshindwa kuondoka, wengine wamezima kamera wanakula arepa zao, hawa tu ndio wanaomvuta, na si kwa kumpenda, wanampenda, lakini si kwa hilo, akitoka huyu wao wataonekana wajinga kwa kubaki, na mimi hayo nikayaita mapenzi, nikayauza kwa jina hilo.

"Basi jamani, mmenishinda," anasema Bi Rubiela, "nibaki mwezi mmoja, nitaona cha kuuza," na mioyo inapanda skrini nzima, na wote wananingoja mimi, maana mwenye jiko ndiye husema karibu tena nyumbani, kidole kiko juu ya kitufe cha kipaza sauti, na neno la kumwambia ninalo, nenda, mama, nenda na usirudi, ila nikilisema watalisikia wote, na Amparo atajua lingeweza kusemwa hata Krismasi, na Yolima atajua, na kufikia Jumanne ijayo nitakuwa nimekaa peke yangu mbele ya skrini tupu na kodi ya nyumba haijalipwa, na hata sasa, Mungu anisamehe, hata sasa napiga hesabu ya watakaobaki... Bi Rubiela amesogea karibu na kamera, uso umejaa skrini, ananitafuta. "Marisel, mwanangu, mbona kimya? Umenikasirikia?"