Gauni Lisilo na Mikono

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na ujanja wake ulikuwa mmoja: ukimletea kitambaa anakikata papo hapo, mbele yako, kabla hujamaliza kueleza unataka nini. Kikishakatwa utakipeleka wapi? Hakuna fundi anayetaka kushona mkato wa mwenzake. Utamfuata kesho, keshokutwa, naye atakujibu vilevile, imebaki pasi tu.

Kibanda kilijaa vitambaa vilivyokatwa mpaka mimi, mkunja pindo wake, nikakosa pa kuweka makalio, na si madogo.

Daktari alipomwambia macho yanakwenda na hayarudi, nilidhani ataacha kupokea kazi. Binti yake alikuwa ameshaposwa, na tangu mtoto yule yuko tumboni mwake, mdogo wangu aliapa kwamba gauni lake la harusi halitaguswa na mkono mwingine. Lingekuwa na mkia wa kuburura, mikono mirefu, vifungo vidogo mgongo mzima. Nikamwambia, "Macho uliyobakiza yatumie kwa hilo moja. Hao wengine warudishie vitambaa vyao."

"Vimeshakatwa, dada. Uso wangu nitauweka wapi?"

"Popote utakapouweka, hutauona."

Hakucheka. Akashona sare za shule, akashona mashati ya wanakwaya, akashona sketi ya jirani ambaye hata salamu hatupi. Na kila aliyebisha hodi na kitambaa, mkasi ulishuka kutoka msumarini.

Siku alipolianza lile gauni, uzi alikuwa anautunga kwa kubahatisha. Tukaanza kulipunguza. Mkia ukaenda kwanza; nikasema afadhali, mtoto atatembea. Mahali pa vifungo tukaweka zipu. Mkono wa kushoto aliushona ukatazama nyuma, akaufumua, akaushona tena, ukatazama nyuma. Nilipotaka kumsaidia akanipiga vidole. Mwisho akausukuma kando, akasema kwa sauti ndogo kwamba litakuwa halina mikono.

Harusini watu walinong'ona: fundi aliyewavika mabibi harusi wa mtaa mzima, bintiye kamvika shimizi. Yeye alikuwa anapapasa bega la binti yake. Mshono umenyooka, bega limesisimka kwa baridi.

Juzi mwanamke mmoja akabisha hodi kibandani na kitambaa. Mdogo wangu, ambaye sasa hata mlango haoni, akanyoosha mkono ukutani. Akakuta msumari mtupu.

"Mkasi uko wapi?"

"Nimeukalia."

"Inuka, dada."

"Njoo uninyanyue."

Akashusha mkono. Kisha akageukia mlangoni.

"Mama, peleka kwa mwingine. Mimi siwezi."

Neno hilo lilimtoka laini, utadhani amelisema maisha yake yote. Nami nikabaki juu ya chuma kinachonichoma, nikimtukana kimoyomoyo. Neno lenyewe fupi hivyo. Angelisema mapema, mtoto angeolewa kavaa gauni lenye mikono.