Nitajuaje Kama Nimeingia?

Weimin alikuwa amejikunyata juu ya mto ulioganda pale Harbin, kaskazini mwa China, koti juu ya koti, ameshika taulo la mama mkwe wake. Bibi Shulan mwenyewe alikuwa ndani ya tundu lililokatwa kwenye barafu, anaogelea kama bata.

"Mama, likizo hii twende Sanya," Weimin alimbembeleza. "Kule kusini watu wanavaa kaputula. Bahari ina joto kama supu!"

"Na mapea ninayoyagandisha nje kila majira ya baridi, huko nitayagandishia wapi? Kwenye kofia yako?"

"Mama, meno yananigongana!"

"Basi funga mdomo."

Bibi alipanda juu ya barafu, mwekundu kama nyanya, mvuke ukimfuka mabegani. Weimin alimfunika taulo akimtazama kwa mshangao. Yeye, kijana, mafua yalikuwa bado hayajamwacha.

"Mwanangu," bibi alisema, akijifuta bila haraka, "maji yakiwa ya uvuguvugu, nitajuaje kama nimeingia?"

Jioni mkewe alimkuta Weimin kainamia simu.

"Umepata tiketi za Sanya?"

"Natafuta nguo ya kuogelea," alijibu, akipenga kamasi. "Mama kasema kesho nianze na miguu."