Zamu ya Shimo la Sita

Kitambaa cha meza ya snuka hupigwa brashi kuelekea upande mmoja tu, kutoka kwenye mstari wa kuanzia hadi kwenye alama ya mpira mweusi. Hidaya alifanya hivyo kila siku baada ya sala ya adhuhuri, mwaka wa nne sasa, katika nyumba ya klabu iliyo juu ya barabara ya Magamba. Akimaliza alipitisha pasi ya mkaa, si ya moto sana, na kila mara aliijaribu kwanza kwenye kipande cha gazeti. Kisha alipanga mipira na kwenda kufagia veranda.

Meza ililetwa na Waingereza. Mawe yake matano yalipanda mlima kutoka stesheni ya Mombo yakiwa mabegani mwa watu, na moja likapata ufa njiani. Ndiyo maana shimo la kona ya juu kushoto lilikuwa gumu: mpira ukilikaribia ulipunguza mwendo kama unapanda kilima. Waingereza walipoondoka klabu ikawa ya shirika la umma. Mwaka wa tisini na mbili, mashirika yalipoanza kuuzwa, ilinunuliwa na Bwana Hamza, mfanyabiashara wa mitumba kutoka Tanga, pamoja na viti, mapazia, meza na eka tatu za kuizunguka. Ndani ya eka hizo kulikuwa na chemchemi.

Maji ya chemchemi hiyo yalikuwa yakishuka bondeni kwa mifereji sita, kwa zamu, tangu enzi za mababu. Bwana Hamza aliizungushia uzio wa nguzo za mkaratusi, akayaelekeza maji kwenye tangi lake, na kutoka tangini kwenye bustani ya maua na bwawa la samaki. Wazee walikwenda kulalamika. Ofisa mmoja aliwakaribisha viti, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaeleza kwamba siku hizi kila kitu kina mwenyewe. Wakashukuru, wakarudi.

Jumamosi ya kwanza Bwana Hamza alicheza na wageni wake. Mpira mwekundu ulipoingia shimo la katikati kulia, mfereji wa tatu ulitoa maji kidogo, ukakauka. Ulipoingia mweusi maji yalikaa zaidi. Hidaya alikuwa amesimama na sinia la soda karibu na dirisha, akaona, akaiweka kichwani ile mipira. Bondeni, Mzee Rajabu, mgawa maji, aliiweka kichwani ile mifereji. Baada ya Jumamosi tatu za kulinganisha walijua yote. Mashimo sita yalikuwa mifereji sita. Mwekundu ulileta maji kwa muda wa kusoma Alhamdu mara moja, njano mara mbili, na kuendelea hivyo hadi mweusi, mara saba. Wakristo walipima kwa Baba Yetu, na palikuwa na ubishi kidogo juu ya hilo, mpaka ikaonekana kwamba Mkristo asipoharakisha wote humaliza pamoja. Rangi isiyotanguliwa na mwekundu haikuleta kitu. Na mpira mweupe ukitumbukia, maji yalirudi kinyumenyume, yakapanda mlima, yakaacha udongo mkavu kuliko yalivyoukuta.

Mzee Rajabu alisema maji lazima yapite mahali. Kama siku hizi yanapita mezani, basi kinachotakiwa ni mtu wa kupiga.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa imeshindwa, na Januari ilikuja bila wingu. Wageni wa Tanga hawakuwa na shabaha. Jumamosi moja maji yote yalikwenda kwa mtu aliyekwisha kuvuna. Bwana Hamza alikuwa klabuni Jumamosi tu. Siku nyingine ufunguo ulikuwa kwa Hidaya, na mlinzi wa getini alikuwa na maharage kwenye mfereji wa pili. Hivyo kazi ikamwangukia Hidaya.

Yeye mwenyewe alikuwa kwenye mfereji wa sita, ambao shimo lake ni lile gumu. Alikuwa mjane, mtoto wake pekee wa kike ameolewa Muheza, na Mzee Rajabu alikuwa kaka wa marehemu mumewe. Katika ukoo wao, shamba la mjane likikaa misimu miwili bila kupandwa hurudi kwa ndugu wa mume. Msimu wa vuli lilikuwa limekaa tupu. Sasa alikuwa na kitalu cha kabichi chini ya kivuli cha majani makavu ya migomba, na alikinywesha kwa ndoo kutoka mto wa chini mpaka mto wenyewe ukabaki madimbwi. Kitalu kikifa, shamba limekwenda.

Mzee Rajabu hakulitaja hilo hata siku moja. Alikuja kila asubuhi, akasimama ukingoni na mikono nyuma.

"Onga maundo, shemeji," alimsalimu kwa Kisambaa. "Naona majani yamejikunja."

"Yanajikunja mchana, asubuhi hufunguka," Hidaya alijibu.

"Haya. Tutaona."

Kabla ya kushika fimbo Hidaya alikwenda kwa shehe. Shehe alifikiri siku mbili, akatoa jibu: mchezo wa kushindania fedha ni haramu, bali kumpatia mtu maji ni sadaka, basi acheze, ila asiwekeane dau na mtu na asifurahie. Tangu hapo hakuna aliyepiga makofi katika chumba kile.

Mwalimu wake alikuwa Mzee Hezekia, Mlutheri, aliyewahesabia Wazungu pointi miaka ishirini na miwili bila kuruhusiwa kugusa fimbo. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo alikaa kwenye benchi na kusikiliza. Wiki ya kwanza hakumruhusu kugusa mpira. Alilaza chupa tupu ya soda mezani, akamwambia aipitishe ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa na kuirudisha, mara mia mbili kwa siku, bila kugusa kioo. Akigusa, kioo kililia, na mzee alisema, "Anza."

Kuanza kulikuwa na maana ya kurudi kwenye moja. Siku ya kwanza hakuvuka kumi na tatu.

Wiki ya pili alipewa mpira mweupe peke yake. Aliuweka kwenye alama ya kahawia, akaupiga upite juu ya alama ya bluu, ya pinki na ya nyeusi, ugonge ukingo na kurudi njia ileile mpaka uguse ncha ya fimbo yake. Ulirudi kushoto, ukarudi kulia. Mzee alisikia upande ulipogonga, akamwambia mguu gani ausogeze. Hidaya alikuwa amepanda miche kwa kamba kwenye matuta ya mlimani tangu akiwa na miaka minane. Siku ya tano mpira ulirudi kama ndugu aliyetumwa dukani. Alifunga mtandio kwa nguvu shingoni, kwa sababu ncha ya nguo ikigusa mpira ni kosa, na kosa hurudisha maji ya Alhamdu nne.

Wiki ya tatu ilikuwa ya kusimamisha. Ukipiga mweupe chini ya kitovu chake, na mpira mwingine ukiwa mbele yake kwenye mstari mmoja, ule mwingine huenda na mweupe husimama pale pale. Ukipiga juu kidogo tu, mweupe humfuata mwenzake shimoni. Hilo alilifanyia mazoezi akilenga ukingo, si shimo, maana kila kilichoingia shimoni kilikuwa maji ya mtu. Mzee Hezekia alimwambia kwamba wachezaji wengi aliowahesabia waliharibikiwa hapo.

Wiki ya nne Mzee Rajabu alipanga zamu: mfereji wa kwanza Jumapili, wa pili Jumatatu, na kuendelea hadi wa sita Ijumaa. Hakuna aliyepinga, wa sita umekuwa wa mwisho siku zote. Kila zamu ilikuwa mwekundu mmoja na mweusi mmoja. Jumapili na Jumatatu zilikwenda vizuri. Jumanne mweupe uliufuata mweusi katika shimo la tatu.

Watu wa mfereji wa tatu hawakugomba. Walikuja jioni, wakasimama mbele ya veranda kwa muda, wakaondoka. Asubuhi Hidaya alikuta mlangoni kwake beseni lenye miche ya nyanya iliyonyauka, imepangwa vizuri, mizizi upande mmoja. Hakuuliza ni ya nani. Aliimwaga kwenye shimo la mbolea, akaliosha beseni, akaliacha pale pale mpaka mwenyewe alipolichukua. Siku hiyo alirudia kusimamisha mara mia mbili kabla ya kupiga zamu ya mfereji wa nne, na alipopiga mweupe ulisimama. Alhamisi pia.

Ijumaa asubuhi majani ya kitalu hayakufunguka. Mzee Rajabu alisimama ukingoni muda mrefu kuliko kawaida, akapima shamba kwa macho kutoka jiwe hadi jiwe.

Baada ya adhuhuri Hidaya alipiga brashi, akapiga pasi, akapanga. Mwekundu uliingia shimo la kona ya juu kushoto, polepole, kama unaomba ruhusa. Ilikuwa Alhamdu moja. Maji yangelowesha kichwa cha mfereji tu. Mweupe ulisimama mahali ambapo wenyewe, mweusi na shimo vilikuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka kabisa. Mweusi ukiingia, maji mara saba. Mweupe ukifuata, mara saba yangetoka chini ya mizizi, na miche isingefika alasiri.

Alikuwa ameinama tayari aliposikia mlango. Bwana Hamza aliingia, akatoa salamu, wakamjibu. Alivua kofia. Alitembea hadi kwenye kona ya juu kushoto, akasimama nyuma ya shimo, akaweka mkono ukingoni.

"Fundi amebadilisha bomba mara tatu," alisema. "Tangi linapungua tu. Wiki hii yote limepungua mchana, na nasikia mchana mnacheza kwa zamu. Shimo hili la nani, mama?"

"La kwangu."

"Na leo ni zamu yako?"

"Ni zamu yangu."

Bwana Hamza hakuondoka. Suruali yake nyeupe ilikuwa imejaa mbele ya macho ya Hidaya, hapo hapo mpira ulipotakiwa kwenda. Hidaya hakunyanyuka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ncha ya pua, akalipangusa kwa bega ili lisidondoke kwenye kitambaa.

"Bwana," Mzee Hezekia alisema kutoka kwenye benchi, "anayepiga hasimamiwi mbele."

Hiyo ilikuwa sheria ya mchezo, na Bwana Hamza alikuwa mtu wa kufuata sheria. Aliomba radhi, akasogea dirishani.

Hidaya alisema Bismillahi ndani ya kifua. Akavuta fimbo nyuma taratibu, akapiga chini ya kitovu. Mweusi ulikwenda. Ulipofika penye ufa ulipunguza mwendo, ukapanda, ukafika mdomoni mwa shimo, ukakaa hapo kwa muda ambao mtu angeweza kukunja mkeka. Kisha ukaingia. Mweupe ulikuwa umesimama pale ulipogongea.

Mzee Hezekia alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa. Chini, maji yalikuwa yakipita kwenye mfereji wa sita, na yalipita Alhamdu saba kamili.

Bwana Hamza aliingiza mkono shimoni, akautoa mpira mweusi, akaugeuzageuza kiganjani.

"Huu umo kwenye orodha ya mali," alisema kwa upole. "Ukurasa wa pili."

Walikubali, kwa sababu ulikuwemo. Akautia mfukoni. Alisema yeye si mtu wa kunyima watu maji. Waendelee kucheza, siku mbili kwa wiki, bila viatu, mradi kitambaa kisichanike. Ila mweusi utakaa nyumbani kwake Tanga, maana samaki nao wana haki ya kuishi. Hakumfukuza Hidaya kazi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuilaza pasi ile. Kamati ya maji ilimwandikia barua ya shukrani, ikapigwa muhuri, ikapelekwa pamoja na kikapu cha plamu.

Kitalu kilipona. Hidaya alihamisha miche kwenye matuta, shamba lote kutoka jiwe hadi jiwe, na Mzee Rajabu akaacha kupita asubuhi. Masika ilichelewa. Bila mweusi kilichobaki kikubwa kilikuwa pinki, mara sita, na siku zilikuwa mbili kwa mifereji sita, kwa hiyo kamati iliona kwamba mpigaji mmoja hatoshi. Wakamchagua Fatuma, binti wa Mzee Rajabu, msichana wa miaka ishirini mwenye mikono mirefu. Alipitisha fimbo kwenye chupa wiki nzima. Siku ya kupiga zamu yake ya kwanza alisimama kwanza dirishani. Sauti ya chemchemi ilifika mpaka pale.

"Mama," aliuliza, "kwa nini watu wasing'oe uzio? Nguzo zenyewe za mkaratusi. Watu wanne wangemaliza kabla ya alasiri."

Mzee Hezekia aligeuza uso kuelekea kwa Hidaya, akingoja kama anavyongoja mpira ugonge. Hidaya alikuwa na chaki mkononi. Alitazama nje, akawahesabu watu wanne kwa majina, kimoyomoyo, nao wote walikuwa wametia sahihi ile barua. Akaipaka chaki ncha ya fimbo, akampa Fatuma.

"Funga mtandio vizuri," alimwambia. "Leo zamu ya baba yako."

Fatuma alifunga, akainama, akapiga. Mwekundu uligonga ukingo wa shimo, ukarudi katikati ya meza.

Bondeni Mzee Rajabu alingoja kwenye kichwa cha mfereji wake mpaka adhana ya alasiri. Kisha aliweka jembe begani na kurudi nyumbani. Jirani alipomuuliza, alisema hakuna neno, binti ndiyo kwanza anajifunza.