Hawafungi

Mguu wa kulia wa Wambura haukutulia tangu alipoketi. Ulikuwa ukipigapiga zulia la watu, na mkewe Rosemary alishaukanyaga mara mbili kwa ncha ya kiatu bila kugeuza shingo. Siku hiyo Wambura alikuwa mshenga. Mbele yake, juu ya meza ya kioo, palikuwa na sinia, na kwenye sinia barua ya posa iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Na ndani ya sikio lake la kushoto, lile lililoelekea ukutani, palikuwa na kidude cheusi kinachomtangazia mechi.

Tusimlaumu haraka. Miaka ishirini iliyopita alikuja ughaibuni, akasoma Northmere, chuo cha kaskazini kabisa, kwenye baridi ya kupasua midomo. Jioni moja aliona mlango wa ukumbi wa hoki ya barafu uko wazi, akaingia akidhani ndani kuna joto. Joto halikuwepo, lakini hakutoka. Tangu hapo timu ile inayoitwa Otters, ambayo yeye huiita Fisi Maji, imekuwa ugonjwa wake. Mwaka huu ndio umemtesa kuliko yote, maana vipaji vimejaa tele. Hadi Krismasi waliongoza ligi. Ikaingia Januari, na Fisi Maji wakasahau lango liko wapi. Mechi tisa, wamepoteza saba. Wanateleza vizuri, wanapasiana vizuri, kile kisahani cheusi kinatoka fimbo hii kwenda fimbo ile mpaka mtangazaji anaishiwa maneno, na hakuna anayepiga. Wambura alishagombana na televisheni, na jirani, hata na mchungaji aliyemwambia kwamba ule ni mchezo tu.

Leo ilikuwa mechi ya mwisho. Wakishinda, wanaingia mashindano ya taifa. Wakishindwa, msimu umekwisha. Ilianza saa tisa mchana. Posa yenyewe ilipangwa saa saba, ili saa tisa mshenga awe amesharudi kwake Laurel, lakini Watanzania wakikubaliana saa saba kila mmoja anajua maana yake. Barua ilifika mezani, hapo Silver Spring kwa wazazi wa binti, ghorofa ya nne, saa tisa na nusu.

Na posa hii haikuwa ya kuchezea. Method, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa na Benadetha mwaka wa nne sasa. Kijana ana akili ya kutisha, ana kazi ya maabara huko Gaithersburg ambayo Wambura hajawahi kuweza kumweleza mtu. Ndoa ndiyo iliyomshinda. Kwanza aliiahirisha mpaka amalize shahada, halafu mpaka apate makaratasi ya ukaazi, halafu mpaka apande cheo. Mzee Cosmas, baba wa binti, alishachoka. Kwenye simu alimwambia Wambura kwamba barua ataipokea mara moja tu, na akiona mashaka yoyote wasirudi tena. Wambura alimpenda yule binti kama mwanawe, na aliogopa.

Mama wa binti, Bilha, Mkenya wa Kakamega, alifungua kitambaa, akasoma barua mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mshenga, hii barua ni poa, hata imenitoa machozi kidogo. But tumengoja sana. Tukisema yes leo, hawa watoto ndoa watafunga lini?"

Wakati huo huo, kwenye sikio la kushoto, Fisi Maji walikuwa wamebaki wengi uwanjani kwa dakika mbili nzima, mpinzani mmoja katolewa nje kwa adhabu. Wakapasiana. Wakapasiana tena. Adhabu ikaisha, hawajapiga hata mara moja. Sikio la kulia lilidaka maneno mawili tu, watafunga lini, na Wambura akajibu kutoka moyoni.

"Hawa? Hawa hawafungi. Tangu January hawafungi. Vipaji wanavyo, lakini nakwambia kweli mama, mimi nimeshakata tamaa."

Mzee Cosmas aliweka soda yake chini. Akaivuta barua, akairudisha kwenye kitambaa, akakunja pembe moja baada ya nyingine, kisha akapiga fundo, na juu ya fundo akapiga fundo jingine.

Ndipo Wambura alipoelewa alichosema. Akakichomoa kidude sikioni, akakiweka kwenye sinia mbele ya watu wote, nacho kikaendelea kunong'ona peke yake.

"Nisamehe, mzee wangu. Nilikuwa nasikiliza mechi. Timu yangu ya hoki, ndiyo haifungi."

"Hoki," alisema Mzee Cosmas.

"Ya barafu."

Rosemary alifumba macho. Mzee Cosmas alimtazama mgeni wake namna anavyotazamwa mtu anayeshukiwa kudanganya.

"Na kama wana vipaji, kwa nini hawafungi?"

Tangu Januari hakuna aliyewahi kumuuliza Wambura swali hilo, na kinywa chake kikatangulia akili.

"Wanaogopa kukosa, mzee. Kila mmoja anampasia mwenzake, anangoja nafasi nzuri zaidi. Na nafasi wanayo tayari, iko miguuni pao."

Alijishtukia akiwa katikati ya sentensi, ila ilishatoka. Watu wote wakageuka kumtazama Method, aliyekaa karibu na dirisha, na ambaye kwa mila ya posa hakupaswa kusema neno lolote siku hiyo.

"Method," Benadetha aliita kutoka mlango wa jikoni. Mbele ya wazee binti huyu hujibu Kiingereza siku zote, lakini sasa aliuliza kwa Kiswahili. "Wewe unafunga lini?"

Method alimgeukia baba yake mdogo. Wambura aliyajua macho yale. Ndiyo yaliyomtazama wakati wa kuomba chuo, wakati wa kumpigia Mzee Cosmas simu ya kwanza, na kila mara yeye aliupokea mzigo wa kijana na kukimbia nao. Hata sasa jibu lilikuwa tayari ulimini: mwezi wa sita, Mungu akipenda. Akalimeza. Akatazama sinia.

"Baba Mdogo," Method alisema taratibu.

Wambura hakuitika. Iliuma kuliko mechi zote saba. Kwenye sinia umati ukalipuka kwa kelele, kuna aliyefunga, lakini haikusikika nani.

Method akasimama, akafuta viganja kwenye suruali.

"Tarehe ishirini June. Ni Saturday. Kanisani nilishauliza, tangu November. Niliogopa tu kusema."

"November," Benadetha alirudia, na hakutabasamu.

Mzee Cosmas alikuwa bado amelishika lile fundo. Alimtazama binti yake.

"Mama, nifungue au niache?"

Benadetha alimwelekezea Method kidevu.

"Afungue yeye," alisema.

Method akavuka zulia, akapiga magoti mbele ya meza. Fundo lilikuwa limekazwa kwa hasira. Akajaribu upande huu, akajaribu upande ule, kitambaa hakikulegea. Hakuna aliyesogea kumsaidia. Wambura akaikalia mikono yake, isije ikamfungulia.