Kilo Sitini na Mbili za Nyuma Kushoto

Jumatatu saa moja asubuhi, Guy, dereva wa ushirika wa maziwa wa Masisi, alisimamisha gari la umeme mbele ya kibanda cha Mama Pétronille. Ilikuwa mara ya tatu tangu maharage yapandwe. Gari hilo lilikuwa msaada wa wafadhili. Lilichajiwa kwa nguvu ya jua juu ya paa la chumba cha jibini, nalo lilikuwa kimya hata ng'ombe barabarani hawakuona sababu ya kuliachia njia. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelika tena kingo zote mbili.

Pétronille alikuwa ameziba matairi kwa miaka kumi na miwili, na aliwagombeza zaidi watu aliowapenda. Guy aligombezwa sana.

"Kaka Guy, nilikuambia nini? Gari ya umeme iko muzito, betri njo tumbo yake. Na ukikanyaga kidogo tu inaruka, inakulaka mapine. Weye ukaenda Goma kununua pine ya taxi ndogo!"

"Muuzaji alisema inaenea."

"Inaenea kwa jante, ile chuma ya katikati. Kwa kilo haienei."

Alimwonyesha namba iliyo ubavuni mwa tairi, ile inayosema tairi linaweza kubeba mzigo gani, akamlazimisha aagize yale ya magari mazito, yenye ubavu mgumu lakini yanayobingirika kwa wepesi ili yasimalize betri. Yalifika baada ya wiki mbili, juu ya lori la saruji. Akayafunga mwenyewe, akayapima upepo alfajiri kabla barabara haijayapasha moto, akamwambia Guy wayahamishe, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mawe ya Masisi hayana adabu.

Mwezi mmoja baadaye matairi matatu yalikuwa mazima. La nyuma kushoto lilikuwa limelika kingo, kama tairi lililobeba mtu kila siku. Wala hakuna aliyekuwa akikaa pale. Ni kweli kwamba tangu gari lifike lilikuwa likilia kengele ya abiria asiyefunga mkanda kwenye kiti kile, lakini Guy alikuwa ameufunga mkanda juu ya kiti kitupu, kengele ikanyamaza, naye akaendelea na jibini lake.

Pétronille alilipeleka gari kwenye mizani ya ng'ombe ya Papa Nzabonimpa. Walipima gurudumu moja moja, Guy akiwa ameshuka. La nyuma kushoto lilizidi wenzake kwa kilo sitini na mbili. Papa Nzabonimpa alifagia samadi kwenye mizani, wakapima upya. Sitini na mbili.

"Hii njo Athanase, bwana yangu," akasema Pétronille.

"Njo yee," akakubali Papa Nzabonimpa.

Alimjua vizuri. Kila siku ya soko, ng'ombe wakiisha kupimwa, Athanase alikuwa akipanda kwenye mizani ile ili kumchekesha mkewe, na hata angelishwa maharage kiasi gani hakuwahi kupita sitini na mbili. Pétronille alifungua mlango wa nyuma. Kiti kilikuwa kimebonyea upande wa dirishani, kwa sababu Athanase alipenda kutazama nje. Pétronille alifurahi mno, akaanza kumgombeza.

Miaka mitatu iliyopita Athanase alikuwa amekwenda Walikale, mbele ya Kibua, kuchimba bati na koltani. Kisha patron wa shimo, mwajiri wake, akatuma habari kwamba Athanase amekimbilia machimbo mengine na mwanamke. Kwa hiyo hakukufanywa kilio. Mama Sidonie, anayesimamia wajane wa parokia, alishindwa kumwandika Pétronille kwenye orodha yake, maana orodha inataka mume aliyekufa, siyo aliyetoroka. Kuitwa mke aliyeachwa kulimuuma Pétronille kuliko kufiwa kwenyewe.

"Mawe yenye alikuwa anachimba ilienda Ulaya, bakaifanya gari," alimweleza Guy. "Yee akaifuata. Hapendaka kuacha kazi katikati. Sasa tumupeleke kwa patron, aseme na kinywa yake kama alikufa."

Guy alipata ruhusa ya kupeleka jibini Kibua. Pétronille aliongeza upepo wa watu watatu na mizigo yao. Kwenye kizuizi, askari alichungulia ndani, akahesabu watatu, akawapisha. Walilala Kibua, gari likachajiwa kwa betri za kituo cha afya, asubuhi wakafika kwa patron.

Patron alitoka ofisini, akaweka kiganja juu ya kile kiti kilichobonyea.

"Athanase, siku mingi! Barabara iko namna gani?"

Akangoja kidogo, kwa heshima. Kisha akaleta daftari kubwa, akasoma kwamba Athanase alitoka kazini kwa miguu yake, tarehe kumi na nne, saa tisa alasiri. Watu tisa wengine walikuwa wametoka kwa miguu yao saa hiyo hiyo.

"Patron, saa tisa ile njo shimo ilianguka," akasema Pétronille.

"Registre haisemi vile, mama."

"Lakini huyu hapa! Umemusalimia."

"Nimemusalimia, ndiyo. Na aniletee beleshi yangu, hakuirudisha."

Akafunga daftari. Pétronille alilia njia nzima mpaka Kibua, na Guy, asiyejua kufariji, aliendesha polepole sana, akikwepa kila jiwe.

Mama Sidonie alisikitika. Alikwenda mwenyewe kumsalimu Athanase garini, wakakaa kitambo. Hata hivyo orodha ilihitaji karatasi, na karatasi hutoka kwa patron. Pétronille alishughulika na lile alilokuwa na uwezo nalo: kila alfajiri alipima tairi la nyuma kushoto, akalitia upepo wa mtu wa kilo sitini na mbili, huku akimpa mtu huyo habari za mtaani. Tairi likaacha kulika.

Jumapili ya wajane, Mama Sidonie alisoma majina, na wanawake kumi na wanne wakaenda mbele kuombewa na kupewa mbegu za maharage. Pétronille alibaki kwenye benchi, kati ya wenye waume. Misa ilipokwisha, hao wenye waume waliteremka kilima peke yao, kwa kuwa waume walikuwa wametangulia kwenye pombe. Ni wa Pétronille tu aliyekuwa nje, garini, akimngoja mkewe.