Hayupo

Jumanne, tarehe 18 Novemba 1975. Kulikucha na mawingu mazito yaliyokataa kunyesha, joto likabana kama ndani ya chungu kilichofunikwa, na udongo wa makaburini ulikuwa mgumu hata majembe yakalia kana kwamba yamegonga reli.

Walikuwa wanamzika mtoto wa Yoramu. Hakutimiza miaka mitatu. Sanduku lake lilibebwa na mtu mmoja, tena bila kubadilisha bega.

Bertila, mlezi wa watoto wa chekechea, alisimama nyuma ya akina mama akihesabu rozari. Kusoma alijifunza ukubwani, akiwa na miaka arobaini na moja, katika kisomo cha jioni, na kila herufi aliyoishika aliishukuru kwa Mungu kama msafiri aliyepewa maji. Kijiji kilipotafuta mtu wa kushika daftari la chekechea, walimpa yeye, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wa wengi waliosoma mchana.

Katekista Alois alifungua kitabu cha sala. "Ee Bwana, mpokee mtoto wako Nikolaus."

Mama wa marehemu aliziba masikio. Watu wakainamisha vichwa. Jina lile halikuwa limetamkwa tangu Agosti.

Hilari, mganga wa zahanati, akamsogelea Bertila. "Nikolaus wa Yoramu?" alinong'ona. "Si alihama?"

"Hakuhama, Daktari."

"Mwezi wa tisa nilikuletea orodha ya watoto wa kupewa maziwa ya unga. Wewe mwenyewe uliandika mbele ya jina lake: hayupo."

Bertila aliacha kuhesabu rozari.

Hilari alikuwa mtu wa Bukoba, hakuwa amemaliza mwaka hapo kijijini. Hakujua kwamba katika nchi ile, mtoto akiugua na dawa zikishindwa, wazee huenda kwa mfumu, mpiga ramli, kuuliza, na mara nyingine hurudi na jibu kwamba babu fulani anadai jina lake. Basi mtoto hupewa jina la babu, na lile la zamani huachwa kabisa, ili ugonjwa ukija kuliulizia usimkute wa kuitika. Anayeuliza hujibiwa neno moja tu: hayupo.

Bertila alilelewa hivyo. Siku mtoto yule aliporudi chekechea amekonda, anaitwa Shilinde, alimkata Nikolaus kwa mstari ulionyooka, akamwandika Shilinde chini kabisa kama mtoto mpya. Orodha ya zahanati ilipokuja, alijibu kama mtu aliyefunzwa adabu anavyojibu. Mgeni akasoma kama mgeni anavyosoma. Maziwa akapewa mwingine. Herufi sita, na alikuwa amezipanga vizuri.

Baada ya mazishi hakwenda matangani. Alimfuata Hilari zahanati, akamweleza yote akiwa amesimama, kama anayeungama. Alitegemea kufokewa. Badala yake Hilari akavuta kitabu chake cha kupimia uzito.

"Ninao kumi na mmoja walioacha kuja," alisema. "Wote uzito ulikuwa unashuka. Kila nilipopita nyumbani kwao niliambiwa hayupo. Wote nimewaandika wamehama."

"Watoto kumi na mmoja wahame peke yao, Daktari, bila baba zao?"

Hilari alikitia kitabu kwapani. Alikuwa ameshavaa viatu.

Walikwenda kwa Lukumani, katibu wa kijiji. Yeye alikuwa na kitabu cha kaya. Tangu watu wahamishiwe pale kutoka mashambani, kila nyumba ilikuwa na namba ya chokaa mlangoni, na ndani ya kitabu kile mliandikwa baba, mama na idadi ya watoto.

"Kitabu cha serikali hakiazimwi kama kinu," alisema Lukumani. "Na wewe Bertila, juzi tu ulikuwa unaandika herufi b inatazama nyuma kama mbuzi aliyesahau kitu. Leo unataka kuikagua serikali?"

"Herufi imekwisha geuka, ndugu Katibu. Mtoto wa Yoramu ndiye hatageuka."

Lukumani aliangalia viganja vyake. Vilikuwa bado na udongo wa lile kaburi. Akaenda kukileta kitabu.

Wakaviweka vyote vitatu, cha kaya, cha uzito na daftari la chekechea, kwenye meza moja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Kila mmoja alisoma majina ya kitabu chake na majina yakakataa kukutana. Lukumani alianza kukasirika. Hapo Bertila akasema, "Tuyaache majina. Niulizeni mama ni nani, na nyumba ni ya ngapi. Mama habadilishwi."

Basi wakaenda hivyo, mama kwa mama, nyumba kwa nyumba, kidole cha Bertila kikitambaa taratibu chini ya kila mstari huku midomo yake ikicheza. Ilipofika adhuhuri walikuwa wamekwisha jua. Hakuna kaya iliyohama tangu Juni. Katika wale kumi na mmoja, wanane walikuwa chekechea kwake kila siku, wanakunywa uji mwepesi wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano wa msaada, kwa majina mapya. Wawili walikuwa makaburini, mmoja wao huyu wa Yoramu. Na mmoja hakuwa katika daftari lake wala makaburini: binti wa Josepha, nyumba ya ishirini na saba. Kitabu cha Hilari kilisema Apolinaria, miaka miwili na nusu, kilo nane na robo mwezi wa saba. Baada ya hapo, mstari mtupu.

"Treni ya Tabora inapita stesheni ya Kigwa saa kumi na mbili jioni," alisema Hilari. "Kama bado yu hai."

Bibi Kalunde, mama mkwe wa Josepha, alikuwa ameketi kizingitini akichambua karanga, miguu ameinyoosha hata mlango ukawa hauingiliki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Watu watatu na vitabu. Mmekuja kodi?"

"Tumekuja kumwona Apolinaria," alisema Hilari.

Mkono wa bibi ulisimama. "Hayupo."

"Bibi, najua yumo ndani. Apolinaria—"

"Mwambieni huyu kijana afunge mdomo," bibi aliwaambia Bertila na Lukumani kwa sauti ya chini. "Anamwita nani? Tumemficha miezi mitatu, yeye anasimama uani kwangu kuelekeza njia."

Majirani walikwisha anza kusogea. Kutoka gizani ndani kilisikika kikohozi kidogo, na sauti ya Josepha, "Mama, waache waingie. Mwanangu Nyamizi ameacha hata kulia." Bibi hakuondoa miguu, lakini Bertila aliweza kuona juu ya bega lake: mtoto amelazwa ngozini, nyayo zimevimba na kung'aa, nywele nyepesi na nyekundu kama ndevu za mahindi. Kwashakoo. Alikuwa ameiona kwa mtoto wa Yoramu, akamwandika mpya.

"Mwanangu Bertila," alisema bibi, "wewe ni wa hapa. Nitakupa mtoto aende kwenye hospitali yenu? Jina lile limo kwenye kitabu cha huyu. Kitabu ni kinywa. Kila mkikifungua mnamwita. Ichaneni kwanza karatasi ile, ndipo nitoke mlangoni."

"Siwezi kuichana," alisema Hilari. "Uzito wake wote umo humo. Tabora watauliza alianza lini kushuka."

"Basi hayupo."

Bertila alijua lisemwalo kanisani. Jina la ubatizo ni neema, na kuliogopa ni dhambi. Neno lilimfika hadi menoni. Akawaza sala ya asubuhi ile, na jinsi Katekista alivyokuwa na hakika huku mama wa marehemu akiziba masikio. Mungu analijua jina la mtoto huyu, alijiambia, wala hanihitaji mimi nimkumbushe. Akachukua kalamu ya Hilari, akaweka kitabu juu ya goti, na bila kulifuta jina akabandika juu yake kipande cha karatasi kwa uji uliobaki katika kibuyu cha Josepha pale uani. Juu ya kipande akaandika: mtoto wa Josepha, nyumba 27. Uzito ukabaki chini yake, mwezi kwa mwezi.

Bibi hakujua kusoma. Alimtazama Lukumani. Lukumani alisoma kwa sauti, akaapa kwamba ndiyo yaliyoandikwa.

"Karatasi inaweza kubanduliwa," alisema bibi. "Sema kwa kinywa chako. Hawa wote wasikie."

Bertila akapiga magoti mavumbini, akafanya ishara ya msalaba. Kikohozi ndani kilikuwa kimekwisha. Alisema polepole, kama anayesoma kwa mara ya kwanza:

"Mbele ya Mungu, na mbele ya Katibu, na Daktari, na ninyi majirani: mtoto huyu nitambeba mimi hadi Tabora, na jina lile halitatoka kinywani mwangu wala katika kitabu changu. Wakiuliza ni nani, nitasema ni wa Josepha, nyumba ya ishirini na saba. Akipona, nitamrudisha kwako, bibi. Akifa njiani, nitamrudisha vilevile, mikononi mwangu, na kaburini nitasema mwenyewe mbele yenu nyote kilichomuua, na kilichomuua wa Yoramu pia."

Bibi Kalunde akakunja miguu.