Mwenza wa Kusum

Kusum alikuwa na mwaka kasoro tangu atoke India kuja Dodoma kuolewa na Kishan, muuza vitambaa wa Majengo. Kiswahili chake chote alikiokota dukani. Alijua rangi zote, alijua kusema "hiki hakichuji," na alijua kumwambia mteja kuwa kimebaki hiki kimoja hata kama stoo imejaa. Lakini mimba ilipovuka miezi mitano, aliona kwamba katika maneno hayo yote hakuna la kumfaa mbele ya nesi.

Kishan, mzaliwa wa Dodoma, alitaka asubiri shangazi yake atoke Dar es Salaam. "Wewe mgeni," alimwambia. "Kituo cha serikali watakuuliza mambo mengi."

Kusum alichoka kusubiri. Asubuhi moja alifunga pasipoti yake kwenye leso, akamwomba Erica, muuza karanga jirani na duka lao, amsindikize kituo cha afya.

Wanawake walijibana kwenye benchi, wakampa nafasi. Kila aliyeingia, Kusum alimwamkia shikamoo, hata wasichana aliowazidi umri. Nao waliitikia marahaba huku wakiinamisha nyuso. Erica aliona na hakumrekebisha, maana wasichana wenyewe walikuwa wanafurahia.

Nesi Paulina, mama wa makamo mwenye miwani, alipomwita, Kusum alianza kwa kutoa pasipoti. Nesi aliitazama kwa adabu, akamrudishia.

"Unakaa mtaa gani, mama?"

"Majengo."

"Basi wewe ni wa kwetu. Mwenza wako yuko wapi?"

Kusum alifurahi kusikia neno analolijua. Akamshika Erica mkono. "Huyu hapa mwenzangu."

Benchi zima lilicheka. Nesi alivua miwani akaifuta. Erica akasema kama baba ni yeye, basi mtoto atazaliwa anajua kupepeta karanga.

"Mwenza, yaani mume wako," Nesi alieleza alipopata pumzi. "Siku ya kwanza tunawapima damu wote wawili. Mpigie simu aje."

Kishan alifika na bajaji, tepu ya kupimia vitambaa ingali shingoni, tayari kuwa mkalimani. Alieleza kwa ufasaha kwamba mke wake ni mgeni, ana hofu, asiharakishwe. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia akunje mkono wa shati.

Kishan aliuliza kama kuna njia nyingine. Haikuwepo. Alipoiona sindano, alisema hewa ya chumba hiki ni nzito, na kabla hajamaliza akateleza kutoka kwenye kiti.

Walimlaza kwenye kitanda cha kupimia wajawazito. Bibi mmoja wa kijiji cha Haneti, aliyemleta mkwewe, alikuja kumpepea kwa kanga. Kusum alimvua tepu, akamshika mkono, akamgeukia Nesi.

"Toa damu sasa," alisema. "Bado hajaamka."

Nesi alikiri kwamba wazo lina akili, ila mtu lazima aridhie mwenyewe. Kishan alipofumbua macho aliridhia, akiwa ameutazama ukuta.

Majibu yao yalitoka mazuri. Ndipo Kusum akapanda kitandani kwa zamu yake. Nesi alimwekea tumboni kifaa kama tarumbeta ndogo, akatega sikio, akatabasamu, akamwita Kishan asikilize moyo wa mtoto.

Kishan aliinama. "Nasikia," alisema upesi.

Kusum alimuuliza kwa Kigujarati kama ni kweli. Alinong'ona kitu.

"Amesikia bodaboda ya nje," Kusum akamwambia Nesi kwa Kiswahili.

Nesi alisogeza kifaa kidogo, akamkandamiza Kishan kichwa taratibu. Safari hii hakuna aliyemuuliza kitu. Kishan alibaki ameinama vilevile mpaka Nesi alipomgusa bega, akimwambia ainuke, wapo kinamama wengine wanasubiri.